Taa zinawaka ila barabara haionekani: kutafuta tatizo la taa za mbele, dalili kwa dalili

Dereva akilalamika dukani kwamba taa za gari lake ni hafifu, jibu analopewa karibu kila mara ni moja: chukua balbu kali zaidi. Anatoa hela, anafungiwa, usiku wa kwanza anafurahi, na wiki ya pili anaanza kupigiwa fulu (kumulikwa kwa taa ya juu) na kila anayepishana naye huku yeye mwenyewe bado haoni mbali. Balbu ni kituo kimoja tu katika safari ya mwanga. Kabla yake kuna altaneta (inayozalisha umeme injini ikizunguka), betri, nyaya, rilei (swichi inayoamshwa kwa umeme) na soketi. Baada yake kuna riflekta (bakuli la kung'aa linalorusha mwanga mbele), kioo cha taa na mwelekeo wa taa yenyewe. Mwanga unapotea popote kati ya hapo, na mara nyingi haupotei kwenye balbu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye kile dereva anachokiona, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo.

Kwanza hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Hesabu sekunde moja ya kushtuka na kukanyaga breki, ongeza umbali wa tairi kung'ang'ania lami kavu, gari litasimama baada ya mita 55 hadi 60 hivi. Kwa kilomita 100 inazidi mita 80. Sasa jiweke usiku kati ya Chalinze na Segera, hakuna taa ya barabarani, lori bovu limeachwa nusu yake iko kwenye lami na alama pekee ni matawi ya mti. Taa isiyofika mita 60 itakuonyesha hayo matawi ukiwa huna tena la kufanya.

Taa zote mbili zimefifia, mwanga ni wa njano iliyokolea

Hii ndiyo dalili inayowapotosha watu wengi, na ndiyo ningependa tukae nayo zaidi. Balbu ya halojeni, ile ya kawaida yenye uzi unaowaka, haipungui mwanga sambamba na umeme. Volti zikipungua kidogo, mwanga unaporomoka. Balbu nyingi za gari dogo hupimwa kiwandani kwa volti 13.2. Ukiilisha balbu hiyohiyo volti 12 tu, umepoteza zaidi ya robo ya mwanga. Ikipata 11, imebaki na nusu na ushee. Macho hayakuambii hayo, maana taa "inawaka".

Anza na jaribio lisilo na gharama. Usiku, gari likiwa limesimama mbele ya ukuta, washa dimu (taa ya chini, ya kupishana), kisha mtu akanyage mafuta taratibu. Mwanga ukipanda waziwazi pamoja na injini, umeme hautoshi injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta): altaneta imechoka, mkanda umelegea, au betri imekufa na inakula kila kinachozalishwa. Mwanga usipobadilika ilhali bado ni hafifu, altaneta iache kwanza. Kuna kitu kinakula volti njiani.

Hapo ndipo unahitaji mita ya kupimia volti. Hata ile ya bei ya chini kabisa inatosha. Washa injini na dimu, pima kwenye vichwa vya betri: unatarajia kati ya 13.8 na 14.4. Kisha chomeka ncha za mita nyuma ya soketi ya balbu, balbu ikiwa mahali pake na inawaka. Hili la balbu kuwaka ni la lazima. Ukichomoa balbu ukapima soketi tupu, waya mbovu kabisa utakuonyesha volti 14 safi, kwa sababu hakuna mzigo. Nimeona mafundi wakiapa kwamba "umeme upo" kwa kipimo cha namna hiyo.

Tofauti kati ya betri na soketi ikizidi nusu volti, una kazi ya kufanya. Ili kujua upande gani, weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya wa chanya wa balbu inayowaka: namba utakayoona ni volti zilizoliwa upande wa chanya. Fanya vivyo hivyo upande wa ethi, yaani hasi, kutoka hasi ya betri hadi waya wa hasi wa balbu. Kwa magari yanayoishi Tanga, Mombasa au Bagamoyo mimi huanza na ethi. Hewa ya chumvi huila ile skrubu ndogo iliyofungwa kwenye bodi nyuma ya taa. Ukiifungua unakuta unga wa kijani kibichi na kutu. Isugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga upya, paka grisi juu. Dakika kumi, na wakati mwingine kesi imekwisha.

Angalizo kwa wenye Toyota za zamani, hasa Hilux na Land Cruiser. Nyingi zimefungwa kinyume: chanya inakwenda moja kwa moja kwenye balbu kupitia rilei, na swichi ya dimu na fulu inakata upande wa hasi. Ukipima ukidhani hasi ni bodi tu, utachanganyikiwa. Volti zilizopotea upande wa hasi kwenye magari hayo mara nyingi ziko ndani ya swichi ya kwenye usukani, ambayo vidole vyake vya shaba vimeungua baada ya miaka ishirini na zaidi ya kazi.

Tiba ya uhakika kwa nyaya zilizochoka ni kufunga rilei mpya karibu na taa: waya mnene wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri, fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, rilei ya ampea 30, na ethi mpya. Ule waya wa zamani wa taa unabaki na kazi nyepesi ya kuamsha rilei tu, pini 85 na 86. Mzigo wenyewe unapita 30 kwenda 87. Dimu na fulu kila moja na rilei yake. Gari lililokuwa linapata volti 11.5 kwenye balbu likipata 13.5, mwenyewe atakuuliza umemwekea balbu gani, na balbu ni zilezile.

Hapa pia ndipo inapoonekana kwa nini balbu za H4 za wati 100 kwa 90 ni balaa kwenye nyaya za kiwandani. Balbu halali ni ya wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, na mbili zikiwaka dimu zinavuta ampea tisa hivi. Zile kubwa zinavuta zaidi ya mara moja na nusu ya hiyo. Waya unapata joto, volti zinaliwa zaidi, na soketi ya plastiki nyuma ya balbu inakuwa ya kahawia, inapasuka, kisha pini zinalegea. Ukichomoa soketi ukakuta pini moja imebadilika rangi kuwa bluu-nyeusi, usiirudishe. Kata, weka soketi mpya ya kauri.

Umeme upo, balbu nzima, ila mwanga umefubaa

Tazama kioo cha taa mchana. Tunakiita kioo, lakini kwa magari mengi ya sasa ni plastiki ngumu, polikaboneti. Jua linakula ngozi ya juu ya kinga, plastiki inakuwa ya njano na kupata ukungu. Ukungu huo haupunguzi mwanga tu, unautawanya. Sehemu ya mwanga iliyotakiwa kwenda mbele inasambaa kila upande, ikiwamo juu, kwenye macho ya wanaokuja. Ndiyo maana gari lenye vioo vya njano linalalamikiwa na pande zote mbili: dereva haoni, na anayepishana naye anaumia macho.

Dawa ya meno inasaidia kwa siku chache. Dawa ya kupaka ya mbu, ambayo watu huonyeshana mitandaoni kama muujiza, inalainisha uso wa plastiki na kuufanya ung'ae kwa muda, halafu unaharibika vibaya zaidi. Kazi ya kweli ni msasa wa maji: anza na namba 800 au 1000 mpaka njano yote iishe na kioo kiwe cheupe kama maziwa, nenda 2000, malizia 3000, kisha polishi. Wengi wanaishia hapo, ndipo baada ya miezi michache njano inarudi kwa kasi, kwa sababu umeondoa na mabaki ya kinga ya kiwandani. Ni lazima upige klia (rangi angavu ya juu) yenye kinga ya jua. Mpaka rangi yeyote anayepulizia magari anayo. Mwambie tu asiruke hatua hiyo.

Kioo kikiwa safi na bado mwanga umekufa, chungulia ndani. Riflekta inatakiwa ing'ae. Ukiona sehemu yake iliyo juu ya balbu imekuwa ya kijivu au imebabuka, hiyo taa imekwisha. Hakuna polishi ya riflekta. Usijaribu hata kuifuta kwa kitambaa, maana ile rangi ya fedha ni utando mwembamba sana na utatoka nao. Tafuta taa nzima, na ukienda kuchukua ya mtumba Ilala, mulika ndani kwa tochi ya simu kabla ya kulipa. Kioo kilichopigwa polishi kinaficha mengi.

Ni nyeupe na kali, lakini haifiki mbali, na watu wananipigia fulu

Karibu uhakika umefunga balbu za LED au xenoni (balbu za gesi, zisizo na uzi) za mtaani kwenye taa iliyobuniwa kwa halojeni.

Chukua balbu ya H4 iliyoungua uitazame kwa karibu. Ndani mna nyuzi mbili. Ule wa mbele ni wa dimu, na chini yake kuna kijisahani cha chuma. Kazi ya kijisahani ni kuzuia mwanga wa dimu usiguse nusu ya chini ya riflekta, kwani mwanga unaogonga hapo ungerushwa juu. Ukingo wake mmoja umekaa kwa mteremko wa digrii 15, na hapo ndipo inapoanzia ile kona ya mwanga inayopanda upande wa kushoto ukutani, inayokuonyesha mtembea kwa miguu na kibao cha barabarani bila kumgusa anayekuja. Riflekta nzima imechorwa kwa kudhani kwamba uzi uko mahali palepale. Ukisogeza chanzo cha mwanga hata milimita moja, mchoro wote unavurugika.

LED ya bei rahisi haina uzi. Ina vipande vya mwanga vilivyobandikwa pande mbili za bamba la chuma, na bamba likiwa nene, vipande viko mbali na pale riflekta inapovitarajia. Matokeo yake ni mwanga mwingi ulioharibika mpangilio. Sehemu kubwa inamwagika mita kumi mbele ya bampa. Dereva anaona lami nyeupe pepe hapo karibu na anaridhika. Lakini jicho linapozoea weupe ule wa karibu, mboni inajifinya, na kilicho mbali kinazidi kuwa giza. Hivyo mtu anaona "mwanga mwingi" na ng'ombe haoni. Sijui namna bora ya kumshawishi dereva wa aina hii zaidi ya kumpeleka ukutani: dimu iliyo sawa inaonyesha mstari mkali, chini mwanga, juu giza. Yake itaonyesha wingu.

Kama umeshanunua na huwezi kurudisha, angalia kola ya balbu kwanza. Nyingi zinazungushwa. Vipande vya LED vinatakiwa viangalie kushoto na kulia, si juu na chini. Mstari ukutani ukirudi, una bahati. Usiporudi, rejesha halojeni nzuri yenye alama ya duara na herufi E pamoja na namba ndani. Namba ni ya nchi iliyoidhinisha, mfano E1 ni Ujerumani na E43 ni Japani. Alama hiyo nayo hughushiwa, kwa hiyo ukuta ndio mwamuzi wa mwisho.

Taa za projekta, zenye lenzi ya duara kama jicho la samaki, zinavumilia zaidi, kwa sababu mstari unachorwa na kipande cha bati kilichomo ndani. Zinavumilia mstari tu. Umbali bado unaweza kupungua.

Rangi nayo ina neno lake. Halojeni iko kwenye kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 3200 hivi, xenoni ya kiwandani 4300. Balbu zilizoandikwa 8000 ni za bluu. Bluu hupatikana kwa kuchuja mwanga wenye manufaa, na kwenye mvua au vumbi la barabara ya changarawe unarudishiwa machoni ukuta mweupe.

Mwanga ni mzuri, ila unaishia karibu au unapiga vilele vya miti

Mwelekeo. Kwa kuwa ni kazi ya bure, inashangaza jinsi inavyosahaulika, hasa baada ya kugonga, kubadili taa, au kuinua gari kwa spesa (vipande vya kunyanyulia).

Tafuta sakafu iliyo sawa na ukuta mbele yake. Kituo cha mafuta usiku ni pazuri wakikuruhusu. Upepo wa tairi uwe sahihi, tanki angalau nusu, na dereva akae kwenye kiti. Simamisha gari taa zikiwa mita 10 kutoka ukutani. Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya taa, tuseme sentimita 70. Weka alama ukutani sentimita 10 chini ya hapo, yaani 60. Sehemu bapa ya mstari wa dimu ikae kwenye alama hiyo, na kona inayopanda ianze mbele ya taa husika au kidogo tu kushoto kwake. Nafasi ikiwa ndogo, tumia mita 5 na shusha sentimita 5. Fanya taa moja baada ya nyingine, ile isiyopimwa ukiwa umeichomoa soketi. Skrubu za kurekebisha ziko nyuma au juu ya taa, moja ya juu-chini, nyingine ya kulia-kushoto. Bisibisi ndefu ya nyota inazifikia.

Kwa nini sentimita zote hizo? Taa iliyo sentimita 70 ikishuka kwa asilimia 1, mstari unagusa lami mita 70 mbele. Ikishuka asilimia 2, ni mita 35. Asilimia 3, mita 23 tu, pungufu ya nusu ya umbali unaohitaji kusimama kwenye kilomita 80. Skrubu ndogo ndiyo tofauti.

Sasa pakia mzigo. Probox imejazwa magunia, nyuma imekaa sentimita 5, na kati ya ekseli za mbele na nyuma kuna mita mbili na nusu. Pua imepanda kwa asilimia 2. Dimu iliyokuwa inashuka asilimia 1 sasa inapanda asilimia 1. Mita 50 mbele iko sentimita 120 kutoka lamini, usawa wa macho ya dereva wa gari dogo. Ndiyo maana gari lililopimwa vizuri Jumatatu linatukanwa Ijumaa. Magari mengi yana kigurudumu kidogo kwenye dashibodi chenye namba 0 hadi 4 au 5. Sifuri ni gari tupu. Namba ikipanda, taa inashuka. Ni wachache wanaokigusa. Wengine wanakikuta kiko 4 tangu mnadani Japani na miaka yote wanalia kwamba taa hazifiki mbali.

Moja inawaka, nyingine haiwaki

Hamisha balbu ya kulia iende kushoto, na ya kushoto iende kulia. Tatizo likihama na balbu, nunua balbu, tena mbili, maana mwenzake ana umri uleule. Lisipohama, ni fyuzi (magari mengi yana fyuzi ya kila upande), soketi au ethi. Anza na hizo.

Balbu zinaungua kila baada ya muda mfupi

Pima volti injini ikiwa inazunguka kwa kasi. Ukiona 15 na kitu, regyuleta (kidhibiti volti) ya altaneta imekwisha. Umeme ukizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya balbu ya halojeni yanapungua kama nusu, na betri nayo inachemka maji. Umeme ukiwa sawa, fikiria vidole: kioo cha balbu ni cha kwazi na hakipendi mafuta ya ngozi, pakishikwa panapata joto kuliko kwingine, panavimba. Shika kwenye kitako, na ukigusa bahati mbaya, futa kwa spiriti. Kwenye barabara za mawimbi, zile tunazoita bati, mtikisiko nao unakata nyuzi. Kagua kama taa yenyewe inacheza kwenye vishikio. Na kwa malori ya volti 24, hakikisha hukuuziwa balbu ya 12: H4 ya lori ni wati 75 kwa 70 na imeandikwa 24V kwenye kitako.

Xenoni inazimika yenyewe, au imekuwa ya waridi

Rangi ya waridi au zambarau ni uzee wa balbu, badilisha zote mbili. Ikizimika na kuwaka ukiizima na kuiwasha tena, hamisha balbu upande wa pili; tatizo likibaki upande uleule, ni balasti (kifaa kinachoilisha umeme). Soma herufi kabla ya kununua: D2 na D4 zinafanya kazi kwa volti tofauti, karibu 85 na karibu 42, haziingiliani. S ni ya projekta, R ni ya riflekta na ina ukanda wa rangi nyeusi kwenye kioo. Zima swichi na subiri kabla ya kugusa. Kipigo cha kuwashia kinazidi volti 20,000.

Maji ndani ya taa

Ukungu mwembamba baada ya kuosha gari au mvua, unaoondoka taa zikiwaka muda, ni kawaida. Taa ina matundu ya kupumulia. Matone na dimbwi si kawaida. Angalia kipira cha nyuma cha balbu kabla ya kumlaumu mtu wa silikoni. Waliofunga LED zenye feni nyuma mara nyingi wamekitupa kipira kwa kuwa hakiingii, na kupitia tundu hilo maji huingia masika na vumbi hupaka riflekta kiangazi. Kipira kimeandikwa TOP. Neno hilo liwe juu, tundu la kutolea maji liwe chini. Usizibe matundu yote kwa silikoni, maana unyevu utakosa pa kutokea.

Pikipiki: taa inapanda na kushuka na resi

Kwenye bodaboda nyingi za zamani taa hainywi umeme wa betri. Inalishwa moja kwa moja na koili ya injini, kwa hiyo kufifia ukiwa sailensa ni ubunifu wake. Ni tatizo ikibaki hafifu hata ukivuta resi, au ikiunguza balbu kila mara, ambapo regyuleta ndiyo ya kushukiwa. Balbu yake ya HS1 ni wati 35 kwa 35 na inafanana sana na H4 kwa macho. Akikufungia H4 ya wati 60, koili haitaimudu na utapata mwanga mdogo kuliko ulioukimbia.

Nikipishana na gari sioni kabisa

Osha kioo cha mbele kwa ndani. Kweli, kwa ndani. Utando wa mafuta unaotoka kwenye plastiki za dashibodi hauonekani mchana, na usiku unageuza kila taa kuwa jua. Halafu tazama mikwaruzo ya waipa, na karatasi nyeusi kama imebandikwa mbele. Ukiwa umevuka miaka 50 na taa za wengine zina duara la rangi kuzizunguka, ukaguzi unaofuata ni wa macho, kwa daktari.

Taa ziko sawa kabisa, ukuta unathibitisha, na bado napigiwa fulu

Angalia kona ya mwanga inapanda upande gani. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto kama Japani, ndiyo maana magari ya mnada yanatufaa bila marekebisho. Gari lililotengenezwa kwa soko la Ghuba au Ulaya bara kona yake inapanda kulia, moja kwa moja kwa anayekuja, na hakuna skrubu ya kulitibu hilo zaidi ya kubadili taa. Baadhi ya projekta tu zina kiwiko kidogo cha kuhamisha upande.

Kinyume chake kinawakuta wa kwetu wakivuka. Rusumo ukishaingia Rwanda unahamia kulia, Kobero kwenda Burundi hivyohivyo, Kasumbalesa kuingia Kongo hivyohivyo, na Bujumbura imejaa magari ya Japani yenye usukani wa kulia yanayomulika upande usio wake kila usiku. Kwa safari ya siku chache, simamisha gari mbele ya ukuta mpakani, kata kipande kidogo cha selotepu nyeusi, kisogeze juu ya kioo cha taa mpaka kona inayopanda ipotee na ubaki mstari bapa, kibandike hapo. Mahali pa kubandika panatofautiana kati ya taa na taa, kwa hiyo usinakili kwa jirani. Ukirudi Tanzania vibandue kabla hujaondoka kituoni, kwa sababu kona uliyoiziba ndiyo inayokuonyesha waendao kwa miguu upande wako.